Maulidi ya Kusimama Mara Mbili

Mwanga hauingii mtaa wa Kiponda kwa pupa. Huanza juu, kwenye mabati yaliyoshika kutu, ukateremka ukuta mmoja baada ya mwengine, ukagusa kamba ya kuanikia nguo, ukagusa dirisha la huyu na baraza ya yule, na hata ufike chini uchochoroni, saa nne ishapiga na watu washakunywa chai. Vumbi la chokaa la kuta kongwe huelea ndani yake, jepesi, halina haraka na mtu. Badriya alikuwa akikaa dirishani kila asubuhi akilitazama vumbi hilo, na ungemuuliza anatazama nini, angekwambia anachagua chembe moja tu, aifuate kwa macho mpaka itue. Alikuwa hajapata kuifikisha.

Usimcheke. Jaribu na wewe, uone. Ila wewe ukiipoteza chembe utainuka ukaendelee na shughuli zako, na Badriya akiipoteza hubaki pale pale, akijiuliza ni kitu gani kimempokonya.

Watu walisema amepona. Walisema kwa mapenzi, wakamshukuru Mungu, wakamletea mikate ya kumimina na visheti. Mwaka na miezi minane, hajapanda, hajashuka. Maana maradhi yake yalikuwa ya kupanda na kushuka: wiki za kupaa, hana usingizi wala njaa, maneno yanamtoka kama maji ya bomba lililopasuka, kisha miezi ya kuzama, uso ukutani, hata kuchana nywele ni safari. Hospitali waliyapa maradhi hayo jina refu. Mtaani yalikuwa na jina fupi na baya, nami sitaliandika.

Na kabla ya yote hayo, Badriya alikuwa msomaji.

Nani asiyemjua Badriya na maulidi? Ukifika mwezi wa Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, wanawake wa Kiponda walimtaka, wa Malindi walimtaka, wa Bububu walileta gari kumchukua. Mama yake alimfundisha akiwa na miaka tisa, na hata alipoolewa na Zahor, muuza vitambaa wa Mlandege, alikwenda kwa mumewe na kitabu cha maulidi ndani ya kitambaa cha kijani. Alikuwa akikitupia jicho kitabu mwanzo wa ukurasa tu, kisha macho yake huwageukia watu, na sauti ikaenda yenyewe hadi mwisho wa ukurasa bila ya kukwaa. Kitabu ni cha adabu tu, wakisema watu; chenyewe kiko kifuani mwake.

Mwaka aliopanda mara ya mwisho alialikwa Bububu, na siku hiyo alisoma maulidi yote peke yake. Desturi ni kupokezana: mmoja husoma mlango, fungu lake moja la kitabu, akampa mwenziwe. Badriya hakumpa mtu. Alisoma mbio, alisoma vizuri mno, macho yanawaka, na wanawake walilia kwa raha wakidhani ni baraka imeteremka. Wifi yake Faiza, dada wa Zahor, alikuwa amekaa ubavuni pake akingoja zamu yake, na ni yeye peke yake aliyeona kwamba Badriya hashushi pumzi baina ya mistari. Kesho yake mchana Badriya alikuwa anakwenda kwa miguu barabara ya Bububu, hana viatu, anagawa bangili zake za dhahabu kwa wapita njia, na Zahor nyuma yake, amevishika viatu vya mkewe mkononi.

Basi hayo yakapita. Dawa zikakaa, usingizi ukarudi, na watu wakasema amepona.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Tufani ikishatulia si kwamba kila chombo ndani ya nyumba kimerudi mahali pake. Badriya alikuwa hacheki ovyo wala halii ovyo. Alipika, alifua, alipokea wageni. Lakini alikwenda sokoni Darajani kununua vitu vitatu akarudi na kimoja. Aliweka maziwa motoni akayasimamia, anayatazama kwa macho yake mawili, na yakafurika mbele yake. Mtu alianza kumhadithia jambo, na kufika katikati Badriya ameshaachwa nyuma, hajui aliachwa lini, akawa anacheka pale wenziwe wanapocheka. Katika sala alisimama akajiuliza hii ni rakaa ya tatu au ya nne, akaileta sijida ya kusahau, ile tuliyowekewa kwa ajili ya kuteleza. Ikafika siku akawa anaileta kila sala.

Aliyevunjika mguu hupewa kiti. Anayetorokwa na mawazo huulizwa, mbona husikilizi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Badriya alilala na kunguni hao kimya kimya, akiona haya kulalamika mbele ya watu wanaomshukuru Mungu kwa ajili yake.

Alimwambia mtu mmoja tu, Daktari Shamsi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliyekuwa akimpima damu na kumuuliza usingizi. Daktari hakumficha. Alimwambia kwamba maradhi yenyewe hugusa makini na kumbukumbu, na huweza kuendelea kugusa hata roho ikishatulia. Kwamba dawa nayo pengine ina mkono wake, na wataipima tena pamoja. Lakini asiiache kwa shauri lake mwenyewe. Akamwambia alale mapema, aandike mambo yake kwenye karatasi, afanye jambo moja kwa wakati mmoja. Badriya aliitikia kila neno. Alipofika mlangoni alikuwa anakumbuka mawili.

Ulipoandama mwezi wa Mfungo Sita, Bi Mwanapili alipanda ngazi za nyumba ya Zahor. Ngazi thelathini na mbili, na bibi ana miaka themanini na magoti yanayolia kila anapokunja. Yeye ndiye aliyeshika maulidi ya wanawake wa mtaa tangu Badriya hajazaliwa. Badriya alimpokea kwa shikamoo, bibi akajibu marahaba, akavuta pumzi, akanywa maji, akasema lililomleta: mwaka huu mlango wa tatu ni wa Badriya.

Badriya akakataa. Alitaja kikohozi, akataja kazi za nyumbani, akaishiwa na cha kutaja. Faiza, aliyekuwepo, akamuunga mkono. Alisema kwa upole kwamba wifi yake bado hajawa sawasawa, na kwa nini watu wamtie aibuni mbele ya mtaa mzima. Faiza si mbaya, jamani. Aliyaona ya Bububu kwa macho yake na hakutaka kuyaona tena. Bi Mwanapili alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuja kumuomba msomaji wangu," akasema, "sikuja kushauriwa."

Akashuka ngazi zake thelathini na mbili, mkono ukutani, polepole, na nyumba ikabaki na neno lake.

Badriya akafungua kitabu. Loo, kitabu kilekile, kitambaa kilekile cha kijani, na karatasi bado zina harufu ya udi wa mama yake. Lakini maneno yaliyokuwa kifuani hayakuwa yote kifuani. Mengine yalikuja mbio akiyaita, mengine yakamgeuzia uso. Ikambidi asome kwa macho, na macho yakawa yanaruka: anamaliza mstari huu, anaangukia wa chini ya unaofuata. Akatia kidole. Kidole kikasaidia. Kila asubuhi, mwanga unapofika dirishani, alisoma mlango wa tatu kidole kikiwa kwenye mstari, kama mtoto anayeanza chuo cha Kurani, yeye ambaye zamani hakuhitaji kitabu. Alilia siku ya kwanza. Siku ya pili alisoma bila ya kulia.

Wazo lenyewe lilimjia siku tano kabla ya maulidi, na lilikuja kwa adabu, kama mgeni anayejulikana. Dawa, likamwambia. Iache siku nne tu. Badriya alikikumbuka kile kisomo cha Bububu, maneno yakijipanga yenyewe, hakuna hata moja linalopotea, kichwa kizima kimewashwa taa. Ni uongo kusema hakuutamani mwanga ule. Aliutamani mpaka ukamuuma.

Jioni hiyo akakitia kidonge mkononi badala ya mdomoni, akakifumbata, akakaa nacho. Kikaloa jasho, kikaanza kumong'onyoka. Zahor alikuwa mkekani akikunja risiti za duka, akamuona mkewe amefumbata mkono, akamfunua vidole kimoja kimoja kama anayetoa mwiba. Kiganja kilikuwa cheupe. Mtu mwengine angepiga kelele. Zahor alikaa chini karibu yake.

"Nnaitaka akili yangu ya zamani," Badriya akasema.

Zahor alikuwa mtu wa vitambaa, amezoea kupima kabla ya kukata.

"Ile ya zamani ilikuwa inakuchukua," akasema, "mimi nkawa nnakutafuta njiani na viatu vyako. Hii ya sasa, hata ikisahau, jioni iko hapa. Mimi nnaitaka hii."

Badriya akalia, akalia sana, kwa sababu neno lilikuwa tamu na halikumtosha. Yeye ndiye atakayekaa mbele ya kitabu, si Zahor. Akachukua kidonge chengine akakimeza, na hakukimeza kwa imani, alikimeza kwa ajili ya mtu aliyeshika viatu. Na siku zilizofuata akameza vivyo hivyo, kila jioni, roho upande.

Siku ya maulidi ikafika. Baada ya sala ya alasiri wanawake walijaa ukumbini kwa Bi Mwanapili, sitini kama hawazidi, wamekaa juu ya mabusati magoti kwa magoti. Asumini vichwani, udi chetezoni, mitandio ya kila rangi. Ee nyumba za mji huu, mna kuta nene zinazosikia kila kitu, na siku hiyo mlisikia vizuri.

Kama hujapata kuhudhuria, nikwambie jambo moja. Ndani ya maulidi kuna mahali, kwenye mlango wa nne, msomaji hufikia kuzaliwa kwake Mtume. Neno hilo likitajwa watu wote husimama. Hakuna anayeamrisha wala anayetazama kitabu. Husimama wakamsalia Mtume kwa sauti moja, na mmoja hupita akiwanyunyizia marashi. Watoto wa kwetu hujua kusimama hapo kabla hawajajua kusoma, na miguu hulisikia neno hilo kabla ya masikio.

Mlango wa kwanza ukasomwa, na wa pili. Kitabu kikawekwa kwenye marufaa, kile kibao cha kusomea, mbele ya Badriya. Faiza alikuwa amekaa ubavuni pake, maana mlango wa nne ulikuwa wake, na nilivyosikia alikuwa hajavuta pumzi tangu kitabu kilipofunguliwa. Badriya akatia kidole chini ya mstari wa kwanza, akaanza.

Sauti ilikuwepo. Alhamdulillahi, sauti ilikuwepo, haikwenda popote, nzito kidogo kuliko zamani, imeshika chini, na wanawake waliposikia sentensi ya kwanza walitazamana wakatabasamu. Akasoma mstari, kidole kikafuata. Akasoma wa pili. Akageuza ukurasa, akasoma, na moyo ukaanza kumtulia, na ndipo simu ikalia mkobani mwa mtu.

Ni kitu kidogo. Mwenyewe aliizima papo hapo. Lakini macho ya Badriya yaliinuka, mtandio ukamteleza, na mkono wenye kidole ukaenda kuurudisha mtandio kichwani. Uliporudi ukatua ukurasa wa upande wa pili, chini kabisa. Kurasa mbili zinazokabiliana, herufi zilezile, weusi uleule. Sentensi ikaungana na sentensi kama zimezaliwa pamoja, na Badriya akasoma kwa sauti nzuri, kwa utulivu, habari ya kuzaliwa kwake Mtume, iliyo ya mlango wa nne, kabla ya wakati wake.

Na wanawake sitini wakasimama.

Walisimama kwa mkupuo, bangili zikalia, mabusati yakakunjika, aliyekuwa ananyonyesha akasimama na mtoto wake, aliyekuwa anasinzia akasimama bado anasinzia. Bi Mwanapili, aliyekuwa anayahifadhi magoti yake kwa mlango wa nne, aliinuliwa na wanawake wawili, huyu kulia na yule kushoto, anauma meno. Mwenye mrashi alikuwa hajaujaza, akasimama ameshika chupa tupu. Ndipo mmoja mmoja akaanza kufahamu. Minong'ono ikaanza nyuma, ikaja mbele, ikakatika.

Badriya aliinua uso. Mwanzo alifurahi, aliona watu wamesimama wamejaa ukumbi, akawaona wazuri. Kisha akatazama kitabu.

Aliona aibu, na sitaipaka rangi aibu hiyo. Alitamani ardhi ipasuke aingie. Kilichomwumiza zaidi hakikuwa macho ya watu, kilikuwa ile sauti ya adabu iliyorudi kumwambia: nlikwambia, ungeliacha dawa usingelikosea. Na pengine ilikuwa kweli. Akakifunika kitabu kwa viganja viwili.

Kwa kawaida ilikuwa ni Bi Mwanapili kusema, kaeni, na watu wakae, na msomaji mwengine apewe kitabu, na yaishe. Watu wote walikuwa wanamngojea aseme. Bibi alikuwa ananing'inia baina ya wanawake wawili, anahema.

"Kumsimamia Mtume hakuna wakati usiokuwa wake," akasema, na kwa sauti yake iliyopasuka akaanza kusalia.

Wakamuitikia. Mstari wa mbele kwanza, kisha ukumbi wote, sauti sitini, mpaka vikombe vikatetema kabatini. Waliyasoma yote yanayosomwa pale, hawakukata hata kimoja. Kisha wakakaa, wakatengeneza nguo zao kama watu waliomaliza jambo lililokuwa limepangwa.

Badriya alikuwa bado amekifunika kitabu. Akahisi mkono unaviondoa viganja vyake, kimoja, kisha cha pili. Ulikuwa mkono wa Faiza. Faiza alifunua, akarudisha ukurasa mmoja nyuma kuhakikisha, akaupata mstari, akaweka kidole chake chenye hina chini yake.

"Ulikuwa hapa, wifi," akanong'ona. "Wewe soma. Mimi nimekushikia."

Hakukitoa tena kidole chake. Badriya alisoma na Faiza akashika mstari. Macho ya Badriya yaliporuka yalikikuta kidole kikingoja, yakarudi. Mara mbili alinyamaza, na mara zote mbili hakuna aliyekohoa wala kujikuna. Walimaliza mlango wa tatu hivyo, watu wawili na kisomo kimoja, na Badriya akakisogeza kitabu kwa Faiza kwa kuwa mlango wa nne ni zamu yake. Faiza akakirudisha. Alisema kwamba yeye kidole chake kishazoea, asimchoshe kwa kubadilisha kazi.

Basi ni Badriya aliyefika mahali penyewe, safari hii kwa njia yake. Aliliona neno likija, mstari kwa mstari, kidole cha wifi yake kikilikaribia, na kabla ya kulitamka aliinua macho akawatazama wanawake wale, akawaona wameshajiweka tayari. Akalitamka. Wakasimama mara ya pili. Bi Mwanapili naye akasimama mara ya pili, magoti yakalia mpaka wa nyuma wakasikia, na safari hii mrashi ulikuwa umejaa. Marashi yalimwangukia Badriya usoni, akayaacha yateremke.

Watu walipokuwa wanavaa viatu mlangoni, Badriya aliinama kumbusu Bi Mwanapili mkono, akaomba radhi kwa kumsimamisha. Bibi akamshika kidevu.

"Mwakani utasoma tena," akasema. "Ila mimi uniarifu mapema, nami nimeze dawa yangu ya magoti."

Wakacheka waliosikia. Badriya naye akacheka, na safari hii alijua wanacheka nini.

Zahor alimkuta jikoni jioni, mtandio bado una harufu ya marashi. Alikuwa hajathubutu kuuliza kwa mtu yeyote njiani. Akaweka funguo za duka, akavua kofia, akauliza kama amesoma vizuri.

"Nimewasimamisha mara mbili," Badriya akasema, kidonge kikiwa kiganjani, akanyoosha mkono wa pili apewe maji.